Julia Anakutazama: Mkutano wa Kwanza na Dhahabu ya Severus

Nimeishika! Nimeishika kwa vidole viwili, kwa kingo zake kama inavyotakiwa, na moyo bado unanienda mbio. Sarafu ya dhahabu ya Kaizari Septimius Severus, ile yenye mkewe na wanawe wawili mgongoni, iliyopigwa Roma mwaka 202. Picha zake zimejaa katika vitabu na katalogi za minada, wala hakuna hata moja inayoitendea haki. Picha imelala. Dhahabu hii iko macho: ukiigeuza kidogo tu chini ya taa, mwanga unapita juu ya paji la uso wa mwanamke, unashuka puani, unatua mdomoni, na ghafla kuna mtu pale.

Nitaeleza mengi, ila hili nalitanguliza: katika sarafu zote za Kirumi nilizopata kuziona, za fedha, za shaba na za dhahabu, siijui nyingine inayoikaribia hii.

Ilikuwa London, kwa madalali wa sarafu, ambako watu huruhusiwa kukagua mali kabla ya siku ya mnada. Trei yenye kitambaa cha mahameli, taa ya mezani, lenzi ya kukuzia, na mhudumu mpole aliyesimama karibu. Warumi waliiita sarafu ya namna hii aureusi. Upana wake ni milimita 20 hivi, uzito wake gramu 7 na ushei, na uzito huo ndio unaokushtua kwanza. Jicho linaona kitu kidogo. Mkono unapokea kitu kizito. Dhahabu yake ni karibu safi kabisa, na kwa kuwa dhahabu haishiki kutu, rangi iliyo mbele yako ni ileile aliyoiona mtu wa kwanza kuipokea, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Shaba ya Kirumi hutufikia ikiwa ya kijani, fedha yake hutufikia ikiwa imefifia na kuwa nyeusi. Hii imefika kama ilivyoondoka.

Nilianza na mgongo. Desturi ni kuanza na uso, yaani upande wa Kaizari, kwa sababu ndiye mwenye sarafu. Sikuweza kusubiri.

Jamani, mgongo huu! Vichwa vitatu ndani ya duara lisilofika kipenyo cha sentimita 2. Kushoto kijana amevaa taji la majani, anatazama kulia. Kulia kijana mwingine, kichwa wazi, anatazama kushoto. Wanatazamana. Na katikati yao mama yao, Julia Domna, naye hamtazami yeyote kati yao. Anakutazama wewe.

Ili uelewe ukubwa wa jambo hili, kumbuka kwamba Warumi walichora sura za watu kwenye sarafu kwa upande. Augustus kwa upande, Nero kwa upande, Trajan na Hadrian kwa upande, karne na karne. Mstari wa pua, kidevu na shingo ndio uliomtambulisha mtawala, na ndio uliokuwa rahisi kuchonga na mgumu kulika. Sura inayotazama mbele ni balaa kwa mchongaji. Pua inakuwa ndiyo sehemu iliyoinuka kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayosuguliwa kwanza kila sarafu inapoingia mfukoni na kutoka. Kina cha macho, kivuli cha shavu, mviringo wa kidevu, vyote vinatakiwa kutokea kwenye mchongo ambao urefu wake hauonekani mpaka uinamishe kichwa. Na mchongaji hachongi sura yenyewe. Anachonga shimo la sura, kinyumenyume, ndani ya chuma, ili nyundo ikishuka dhahabu iingie katika shimo hilo na kutoka ikiwa uso. Alifanya hivyo kwa uso wa Julia ambao hauzidi punje ya mahindi. Jina lake halikuandikwa popote. Mtu wa kiwanda cha sarafu cha Roma, mwenye kipaji cha kutisha, akatuachia kazi hii na kwenda zake.

Na ameweza! Nywele za Julia, zile nywele zake maarufu zenye mawimbi mazito yaliyogawanywa katikati na kushushwa hadi shingoni, zimechorwa wimbi kwa wimbi. Unaweza kuyahesabu kwa lenzi. Uso wake umeelekea kidogo sana upande mmoja, kiasi cha kumpa uhai, kisha nguo inakunjamana begani. Wanawe wote wawili wamevaa deraya na joho la kijeshi juu yake. Watoto hawa! Mkubwa, ambaye historia inamwita Caracalla, alizaliwa Lyon mwezi Aprili 188. Mdogo, Geta, alizaliwa Machi 189. Mwaka sarafu hii inapigwa mmoja ana miaka 13 au 14, mwingine 12 au 13, na tayari wamevishwa vazi la vita.

Angalia tena vichwa vyao. Caracalla ana taji, Geta hana. Hilo ni tamko la serikali. Baba yao alikuwa amempandisha Caracalla cheo cha Augusto, mtawala mwenza kamili, mwaka 198, na wakati huohuo Geta akapewa cheo cha Kaisari tu, yaani mrithi wa daraja la pili. Tofauti ya mwaka mmoja kasoro ya umri ikawa tofauti ya taji, na mchongaji akaionyesha kwa vijani vichache juu ya kichwa kimoja. Ukishaliona hilo, hutaacha kuliona. Ndugu wawili wanatazamana uso kwa uso, mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, na mama amekaa katikati.

Juu yao limeandikwa FELICITAS, chini yao SAECVLI: heri ya zama. Serikali inawaambia watu kwamba zama zao zimebarikiwa, na ushahidi wa baraka ni familia hii. Nimesoma maneno hayo huku nikijua miaka tisa iliyofuata ilileta nini, nikalazimika kuiweka sarafu kwenye trei na kuvuta pumzi.

Basi tumgeukie baba.

Lucius Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, mji wa pwani katika Libya ya leo. Upande wa baba ulikuwa wa Wafoinike waliolowea Afrika. Upande wa mama ulikuwa na asili ya Italia. Ndiye mtu wa kwanza kutoka Afrika kuwa Kaizari wa Roma. Mwandishi mmoja wa kale anadai lafudhi ya nyumbani haikumtoka mpaka uzeeni, na kwamba dada yake alipomtembelea Roma, Kilatini chake kilikuwa kibovu hata kaka mtu akaona haya, akampa zawadi nyingi na kumrudisha Leptis. Sijui mtu wa Afrika anayeweza kuisoma habari hiyo bila kuhisi kitu kifuani. Mimi namwonea huruma yule dada kuliko Kaizari.

Alivyoupata ufalme ni hadithi ya kuogofya. Siku ya mwisho ya mwaka 192 Kaizari Commodus aliuawa. Pertinax akakalia kiti kwa siku 87, walinzi wake wakamuua. Walinzi hao, wale wa kikosi cha Praetoria, kisha wakafanya jambo ambalo hata Warumi wenyewe hawakulisahau: waliunadi ufalme. Didius Julianus akashinda mnada kwa kumwahidi kila askari kitita kikubwa cha fedha. Wakati huo Severus alikuwa gavana wa jimbo la mto Danube, na mwezi Aprili 193 majeshi yake yakamtangaza Kaizari huko Carnuntum, katika Austria ya leo. Akashuka Italia kwa kasi, Julianus akauawa kabla hajafika, na walinzi waliouza ufalme wakakusanywa, wakavuliwa silaha na kufukuzwa. Kisha akawapiga washindani wake: Pescennius Niger huko mashariki mwaka 194, Clodius Albinus nje ya Lyon mwezi Februari 197. Baada ya hapo akaenda kuuteka Ctesiphon, mji mkuu wa Waparthi, katika Iraki ya leo.

Sasa geuza sarafu, mtazame mtu huyo. Anatazama kulia, taji la majani kichwani, deraya na joho mabegani. Nywele zimejikunja, ndevu zimejaa. Utulivu umemjaa usoni. Unaweza kudhani unamtazama Marcus Aurelius, yule Kaizari mwanafalsafa, na hivyo ndivyo Severus alivyotaka udhani. Mwaka 195 alijitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, ambaye alikuwa amefariki miaka 15 nyuma, na mwanawe mkubwa akampa jina la ukoo huo. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja pale Roma alimpongeza Kaizari kwa kumpata baba. Ndevu hizi, basi, ni hoja ya urithi. Mtu aliyekitwaa kiti kwa upanga anasema kwa sura yake kwamba amekirithi.

Kuhusu ubora wa uso huu nitasema wazi: ni kazi nzuri sana, ila si kazi ya kunipokonya usingizi. Mikunjo ya ndevu imechongwa kwa uangalifu, jicho liko mahali pake, shingo ina nguvu. Lakini ni sura iliyozoeleka, sura ambayo kiwanda kiliirudia mara nyingi mno. Seneta Cassius Dio, aliyemjua, anamweleza kuwa mtu mfupi wa umbo lakini mwenye nguvu, na mwenye akili kali. Ule ukali ninautafuta hapa, nauona kidogo tu kwenye kona ya jicho. Mchongaji wa mgongo alithubutu. Mchongaji wa uso alitii.

Kinachonifurahisha upande huu ni maandishi. Yanazunguka kichwa: SEVER P AVG P M TR P X COS III. Ukiyazoea yanasomeka kama kalenda. Severus Mcha Mungu, Augusto, kuhani mkuu, mwenye mamlaka ya mtetezi wa umma kwa mara ya 10, konsuli kwa mara ya 3. Mamlaka ile ya mtetezi wa umma ilihesabiwa upya kila mwezi Desemba, na ya kumi ilianza tarehe 10 Desemba 201. Ukonsuli wake wa tatu ulianza tarehe 1 Januari 202. Kwa hiyo sarafu hii haikuweza kupigwa kabla ya Januari 202, wala baada ya tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Herufi 21 tu, na tumeikamata ndani ya miezi isiyotimia 12! Ni vitu vichache vya kale vinavyokuambia umri wao kwa usahihi huo bila kuulizwa mara mbili.

Na mwaka wenyewe ni mwaka gani! Severus alirudi Roma kutoka mashariki, akaingia mwaka wa kumi wa utawala, na mji ukalipuka kwa sherehe. Caracalla akaozwa Plautilla, binti wa mkuu wa walinzi. Dio alikuwepo, alikula karamu hizo, na ameandika kuhusu jengo lililoundwa kwa umbo la jahazi ndani ya uwanja wa michezo, likafunguka ghafla na kutoa simba, dubu, mbuni, nyati na wanyama wengine, jumla yao 700 kwa siku zote za maonyesho. Lakini habari inayonihusu mimi ni nyingine. Dio anasema kwamba katika kuadhimisha mwaka wa kumi Severus alimpa kila raia aliyepokea mgao wa nafaka, na kila askari wa kikosi cha walinzi, vipande vya dhahabu sawa na idadi ya miaka yake madarakani. Sarafu 10 za dhahabu kwa kila mtu! Jumla aliyoitaja Dio ni sawa na dinari milioni 50, na kwa kuwa aureusi moja ilikwenda kwa dinari 25, hiyo ni dhahabu milioni 2 zilizomwagwa katika mji mmoja. Hajapata kutokea Kaizari, anasema, aliyewapa watu wengi kiasi hicho kwa mpigo.

Mwaka unaafikiana. Mji ni uleule. Madini ni yaleyale. Basi huenda sarafu hii ilitoka katika mmojawapo wa mikono ile: mchukuzi wa bandarini, muuza zeituni, mtu yeyote mwenye jina katika orodha ya nafaka. Askari wa kawaida wa lejioni, kwa kiwango alichokiweka Domitian zaidi ya karne moja nyuma, alikuwa akilipwa dinari 300 kwa mwaka, yaani dhahabu 12 kama hii, kabla Severus hajaongeza mishahara. Mtu wa mtaani kupewa 10 kwa siku moja ni jambo la kwenda nalo nyumbani na kufunga mlango. Na jioni, kwa mwanga wa taa ya mafuta, anaigeuza sarafu yake na kukutana na macho ya Julia.

Hapa niwataje wale askari, kwa sababu bila wao huielewi dhahabu. Severus aliwapenda askari wake na aliwalipa. Aliwaongezea mishahara, akawaruhusu kuishi na wake zao. Fedha za kufanya hivyo zilitafutwa popote, na mahali pamoja zilipopatikana ni ndani ya dinari yenyewe: katika miaka ya mwanzo ya utawala wake kiasi cha fedha halisi katika dinari kilishushwa hadi nusu hivi, iliyobaki ikawa shaba. Dhahabu hakuigusa. Uzito wa aureusi ulibaki karibu na kile kiwango alichokiweka Nero mwaka 64, sarafu 45 kwa ratili moja ya Kirumi. Caracalla ndiye aliyekuja kuipunguza mwaka 215, zikawa 50 kwa ratili. Kwa hiyo ukishika aureusi ya mwaka 202 unashika pesa ambayo serikali bado inaiheshimu, wakati dinari iliyo mfuko uleule imekwisha kuchakachuliwa.

Narudi kwenye mgongo. Siwezi kukaa mbali nao.

Julia Domna alitoka Emesa, mji ambao leo unaitwa Homs nchini Syria, binti wa kuhani wa mungu wa jua. Aliolewa na Severus mwaka 187, kabla mtu yeyote hajamfikiria kuwa Kaizari. Alisafiri naye vitani na mwaka 195 akapewa cheo cha Mama wa Kambi. Alikusanya wasomi na wanafalsafa kumzunguka. Mumewe alifariki tarehe 4 Februari 211 huko Eboracum, ndiyo York ya Uingereza, baada ya miaka ya vita vya kaskazini. Inasemekana aliwaasa wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wote wasiwashughulikie. Agizo la pili walilishika.

Walirudi Roma wakiwa wanachukiana hivi kwamba waligawana ikulu na kuziba milango ya kati. Mwanahistoria Herodian anasimulia kwamba ulizuka mpango wa kuigawa dola nzima, Caracalla achukue Ulaya, Geta achukue Asia. Ndipo mama yao akasimama akawauliza, nchi na bahari mmepata namna ya kuzigawa, mimi mama yenu mtanigawaje? Akawavuta wote wawili kifuani pake. Sasa chukua lenzi, tazama mgongo wa sarafu hii tena. Mchongaji wa mwaka 202 alikuwa amekwisha kuichora picha hiyo. Mama katikati, mwana huku, mwana kule, na nafasi kati yao ameijaza yeye kwa mwili wake.

Desemba 211 Caracalla alimwomba mama yake awaite wote chumbani kwake wapatanishwe. Geta akaja bila walinzi. Maakida wa Caracalla wakaingia na kumuua akiwa amemkumbatia mama yake, na Julia akajeruhiwa mkono katika purukushani hiyo. Geta alikuwa na miaka 22. Mama hakuruhusiwa hata kumlilia. Kisha ikaanza kazi ya kumfuta. Jina la Geta lilikwanguliwa kwenye maandishi kote katika dola. Kwenye lile tao kubwa la Severus katika uwanja wa Forum, lililokamilika mwaka 203 na linalosimama mpaka leo, mstari wenye jina lake uling'olewa na sifa nyingine za Severus na Caracalla zikapachikwa mahali pake. Matundu ya herufi za shaba za zamani bado yanaonekana kwenye marumaru. Mjini Berlin kuna mchoro wa rangi juu ya ubao wa mviringo, uliotoka Misri, unaoonyesha familia hii hii: Severus mwenye ngozi ya kahawia na ndevu zenye mvi, Julia na vito vyake, Caracalla mdogo. Wa nne ni mwili wa mtoto usio na uso. Uso umefutwa.

Na sarafu? Dio anasema Caracalla aliziyeyusha zile zilizobeba sura ya ndugu yake.

Aliziyeyusha! Hii haikuyeyuka. Ilikuwa imefichwa, imefukiwa, imesahauliwa katika chungu cha mtu, sehemu yoyote ile ambako mkono wa Kaizari haukufika, na Geta yuko pale, upande wa kulia, pua yake kamili, kidevu chake kamili, nywele zake fupi zimechongwa moja moja, akimtazama kaka yake usoni. Alichoshindwa kuokoka kwenye marumaru na kwenye ubao amekiokoka kwenye dhahabu. Hicho ndicho kilichonifanya nitetemeke pale mezani. Ni kitu kidogo kilichopaswa kutoweka kwa amri, na sasa kimelala katika kiganja changu kikiwa na joto la mwili wangu.

Kasoro zipo. Pua ya Julia imesuguka kidogo, kama ilivyo kwa karibu kila sura inayotazama mbele. Chuma cha mgongo hakikukaa katikati sawasawa, kwa hiyo mzunguko wa vitone umekatika upande mmoja. Wavulana wanafanana mno, kiasi kwamba bila taji ungepata tabu kuwatofautisha, ingawa nikizidi kuwatazama ndivyo ninavyoona kuwa ilikuwa kusudi: ndugu wawili, sura moja, taji moja. Bei nayo inaumiza. Sarafu za aina hii zikiwa katika hali nzuri hufika makumi ya maelfu ya dola.

Kwa bei hiyo, ulizia karatasi. Mimi niliuliza historia ya umiliki kabla sijauliza kitu kingine, na ninamsihi kila mpenzi wa sarafu afanye hivyo. Ile dhahabu maarufu ya Brutus yenye majambia mawili, inayojisifu kwa kuuawa kwa Julius Caesar, iliuzwa London mwaka 2020 kwa mamilioni ya pauni. Mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki kwa sababu historia yake ilikuwa ya kubuni. Na nchi ya Severus mwenyewe imeumia. Leptis Magna, aliyoipamba kwa uwanja, basilika, tao na bandari mpya, iko katika Urithi wa Dunia tangu 1982, na tangu 2016 imewekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sarafu nzuri isiyo na historia safi haifai kununuliwa na mtu anayeupenda ule mji.

Wengi huiweka ile ya Brutus kileleni. Ina majambia, ina mauaji, ina kiburi. Mimi nimekwisha kuamua. Ya Brutus inatangaza kifo kilichokwisha kutokea, na inakueleza kila kitu mara moja. Hii ya Severus inakupa watu wanne walio hai, mwaka wa sherehe, kabla ya yote, na inakuachia wewe ujue.

Ukipata nafasi, iwe kwenye mnada au kwenye chumba cha sarafu cha makumbusho yanayoruhusu, omba taa iletwe kutoka kushoto na ishushwe chini, karibu usawa wa meza. Mwanga wa juu humfanya Julia awe bapa; mwanga wa pembeni humwinua. Anza na Geta, maana ndiye uliyekatazwa kumwona. Pita kwa Caracalla, uhakikishe taji lake. Halafu nenda kwa mama, ukae hapo kwa muda wote watakaokuruhusu, na mhudumu akikukumbusha kwamba kuna foleni nyuma yako, omba dakika nyingine. Mimi niliomba, nikapewa, nikaomba tena.